Fundi Mmoja, Wateja Wawili



Leo tumfikirie fundi wa piano. Tuseme kwa miaka mingi ameitengeneza piano ya mama mmoja mjane. Sasa mama huyo ataka kuiuza apate karo ya mtoto. Anayetaka kuinunua ni kanisa, ambalo pia humwita fundi huyo huyo kutengeneza kinanda chake. Wazee wa kanisa wamwuliza, "Ndugu, wewe waijua piano hii. Je, tuinunue?"

Piano ina nyuzi zipatazo 230. Kila uzi umezungushwa kwenye kigingi cha chuma kilichopigwa katika ubao mgumu. Ubao huo ukipasuka, vigingi hulegea. Fundi aweza kuzikaza nyuzi leo, piano ikalia vizuri siku ya kuuzwa, na baada ya muda mfupi sauti zikapotoka tena. Mnunuzi hayaoni hayo. Fundi huyajua kwa mkono wake, maana kigingi kilicholegea huzunguka kwa wepesi.

Basi akisema, atamwumiza mama. Akinyamaza, fedha za harambee zitapotea. Na mmoja wao akimpa "asante" ya siri, ulimi wake umekwisha kununuliwa.

Afanye nini? Kwanza, kabla ya kugusa kigingi hata kimoja, awaambie wote wawili waziwazi, "Ninyi nyote ni wateja wangu." Pili, aliyoyajua nyumbani mwa mama ni amana, aombe ruhusa yake kabla ya kuyasema. Mama akikataa, fundi asiipime piano hiyo kwa ajili ya kanisa. Awaambie wazee kwamba hawezi kuwa shauri wao katika jambo hili, watafute fundi mwingine. Tatu, mama akikubali, aandike mazuri na mabaya yote, na karatasi ile ile waisome wote wawili. Malipo yake yajulikane kwa wote, yawe yale yale piano iuzwe au isiuzwe. Bei wapatane wenyewe.

Wala asimpendelee mnunuzi. Mithali sura ya 20 yatuonya juu ya mtu akiponzaye kitu mbele ya mwenye kukiuza, kisha akaenda akijisifu.

Huenda mama akapata bei ndogo kuliko alivyotumaini. Hiyo ni hasara ya kweli, nasi kanisa tusimwache peke yake na karo ile. Lakini mtoto asisomeshwe kwa fedha za watu waliodanganywa.

Ndugu yangu, labda wewe si fundi wa piano. Labda wewe ni dalali wa shamba, au mjumbe wa kamati inayonunua mali ya jamaa yako. Je, pande zote mbili zajua umesimama wapi?

Tuombe. Ee Bwana, utupe ulimi mmoja mbele ya watu wote. Amina.