Wasomaji wa Mamba na Mashimo ya Mfalme Sulemani

Wahenga walisema, penye urembo ndipo penye urimbo. Methali hiyo tuliikumbuka tulipokuwa Mamba, upande wa Mpimbwe mkoani Katavi, tulikokwenda kwa shughuli za Chama. Jioni moja, chini ya mwembe, tulimkuta mwalimu mstaafu akiwasomea vijana kitabu kilichokwisha poteza jalada lake. Kitabu chenyewe kilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Mwenye kukitunga ni Mwingereza, H. Rider Haggard, nacho kilitoka mwaka 1885, katika enzi ya Malkia Victoria aliyetawala tangu 1837 hadi 1901. Mfasiri wake, Frederick Johnson, alikuwa ofisa wa elimu wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Ndiye pia aliyetupatia Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson. Baba zetu walivisoma vitabu hivyo, nasi tukavirithi.

Kijana mmoja hakuweza kuvumilia. "Mwalimu," alisema, "Wazungu watatu wanarudi kwao salama na almasi mifukoni. Watumishi wao Waafrika wanafia njiani. Kwa nini tusome habari za kutudharau?"

Hatukuistaajabia hasira hiyo. Tawi la reli litokalo Kaliua hadi Mpanda lilijengwa na wakoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Mtu wa sehemu hizo hahitaji kufunzwa maana ya mgeni atafutaye mashimo.

Mwalimu hakumkemea. "Hasira yako ni ya haki, mwanangu," alijibu, "lakini msikilize kwanza Mfalme Ignosi mwishoni mwa kisa." Akatueleza jinsi mfalme huyo anavyowaaga wale wageni: anawapenda kwa kuwa walimsaidia, lakini anaapa kwamba hapana mzungu mwingine atakayevuka milima kuingia nchini mwake, wala mfanya biashara mwenye bunduki na pombe. Vijana wakanyamaza. Katika kitabu cha mkoloni mlikuwa na jibu la Mwafrika, ila hulipati mtu aliyekitupa kabla ya kukimaliza.

Sisi watu wa visiwani tuna manung'uniko yetu pia. Katika hadithi ya Stevenson, kisiwa ni mahali pa kuchimba sanduku la dhahabu na kuondoka. Sisi tunajua kwamba kisiwa ni makaburi ya wazee, ni mikarafuu, ni watoto wanaotoka chuoni na juzuu zao mikononi. Na tulipokutana na Charles Dickens skulini, tulichoshwa na sentensi zake zisizokwisha. Baadaye tulifahamu kwamba riwaya zake zilitolewa sehemu kwa sehemu, msomaji akingoja wiki au mwezi apate inayofuata. Hapo tulimsamehe, kwani sisi tuliolelewa kwa visa vya Alfu Lela u Lela twajua raha ya kisa kukatwa usiku mmoja na kuunganishwa usiku wa pili.

Basi kwa nini twavipenda? Kwanza, kwa ajili ya lugha. Mwaka 1928 lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Johnson huyo huyo akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kijana wa Mamba alisomewa kisa cha Kiingereza kwa maneno yenye asili ya visiwa vyetu. Mali ni yetu, ijapokuwa imepitia mikono ya mgeni.

Pili, mbegu zilizoletwa na upepo huo ziliota katika ardhi yetu. Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle alitokea mwaka 1887. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliiga ufundi ule akamuumba Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960, hakina harufu ya London hata kidogo. Naye Mwalimu Nyerere, aliyeung'oa ukoloni, hakuona haya kumfasiri Shakespeare mwaka 1963 na tena mwaka 1969. Alichukua kilicho chema bila ya kumsujudia mwenyewe.

Ndugu viongozi, hapa ndipo penye neno letu. Kasumba haiondoki kwa kuficha vitabu. Huondoka kwa kuvisoma pamoja, mwalimu akiwapo na maswali yakiruhusiwa. Lakini pale Mamba kitabu kilikuwa kimoja, na wasikilizaji walizidi ishirini. Halmashauri zetu, bara na visiwani, zitenge fungu la vitabu kama zitengavyo fungu la madawati. Tafsiri za zamani zichapwe pamoja na dibaji zenye kueleza wazi dharau iliyomo, na kando yake ziwekwe kazi za waandishi wetu, ili kijana apime mwenyewe.

Tulipoaga, yule kijana mkali ndiye aliyekuwa amekishika kitabu. Alimwomba mwalimu akilale nacho usiku mmoja, apate kuyasoma tena maneno ya Ignosi. Mwalimu alimkubalia, akamsihi asipoteze ukurasa, maana hapakuwa na nakala nyingine.