Chai ya majani: ijue faida yake, uujue na mpaka wake

Juma hili nimeletewa maswali kadhaa na wasikilizaji wa kipindi hiki, na yote yanahusu jambo moja: chai za majani na mizizi tunazojitengenezea nyumbani. Mmoja anauliza kama tangawizi inamfaa mama mjamzito. Mwingine anauliza kama maua ya choya yanaweza kuchukua nafasi ya vidonge vya shinikizo la damu. Wa tatu, mama mmoja wa Temeke, anauliza kwa nini mwanawe akinywa mchaichai homa hushuka, kisha kesho yake inarudi. Swali hilo la tatu limenigusa sana, kwani jibu lake nililipata kwa gharama kubwa. Nitalifikia.

Tuanzie jikoni. Mimi nimelelewa na bibi yangu huko Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba iliyokuwa na kichaka cha mchaichai uani. Bibi hakuwa akiyatokosa majani yale ovyo. Alichemsha maji kwanza, akayaepua, akatumbukiza majani yaliyokatwakatwa, akafunika sufuria kwa sahani na kutukataza kabisa kuifunua. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu sababu. Harufu ile nzuri hutokana na mafuta mepesi yaliyomo ndani ya majani, na mafuta hayo yakichemshwa kwa muda mrefu bila kifuniko hupaa pamoja na mvuke. Harufu ikijaa jikoni, ujue imepungua kikombeni. Kwa nusu lita ya maji, majani marefu manne au matano yanatosha, na dakika 10 chini ya kifuniko ni muda wa kutosha. Wazee wetu wameinywa chai hii kwa ajili ya gesi tumboni, mafua na kupata usingizi. Nayo haina ile kafeini ya majani ya chai ya kawaida, kwa hiyo aliyekunywa usiku hakai macho.

Tangawizi ina utaratibu wake. Huo si jani laini, ni shina gumu la ardhini, na haliachii ukali wake kwa maji ya moto tu. Chukua kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ukioshe, ukiponde, kisha ukichemshe kwa moto mdogo katika vikombe viwili vya maji kwa dakika 10 hivi. Hapa utafiti wa kisasa umewaunga mkono wazee: tangawizi hupunguza kichefuchefu, hata kile cha asubuhi kinachowasumbua wajawazito. Lakini anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na amwulize daktari wake kwanza, kwa sababu tangawizi nyingi inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Ama choya, ambayo wengine huiita rosela, humiminiwa maji ya moto ikiwa imekaushwa. Kiganja kimoja chatosha kwa lita moja ya maji. Kwa kuwa ni chachu, itengenezwe katika bakuli la kaure au la kioo, si katika sufuria ya alumini. Uchunguzi uliofanywa kwa wenye shinikizo la damu umeonyesha kwamba kinywaji hiki kinaweza kulishusha kidogo. Naomba neno hilo "kidogo" lisikike vizuri. Mwenye vidonge asiviache kwa sababu ya choya. Na anayevimeza huku akinywa choya kila siku amweleze daktari, maana viwili vikisaidiana shinikizo linaweza kushuka kupita kiasi. Tena ukiikolezea sukari vijiko vitano ili kuua uchachu wake, faida uliyoitafuta umeifukuza mwenyewe.

Sisi wa mijini tunalo tatizo letu la pekee. Majani yanayoota kando ya barabara au ukingoni mwa mtaro wa maji machafu si ya kunywa, hata yakistawi namna gani. Panda yako, hata kwenye ndoo mbovu barazani. Ukitaka kuyahifadhi, yaoshe, yakaushe kivulini, uyaweke katika chupa kavu yenye mfuniko. Yakiota ukungu, tupa.

Pia si kila jani linalojulikana kuwa ni dawa linafaa kuwa chai. Mkaratusi ni wa kujifukiza, na mafuta yake yakinywewa ni sumu. Sufuria ya kujifukizia nayo iwe mbali na watoto, maana maji yale yanaunguza. Mwarobaini, uliopewa jina hilo kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini, si kiburudisho. Wajawazito wauepuke, na mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo. Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita hahitaji chai yoyote, anahitaji maziwa ya mama yake. Asali nayo asilambishwe mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja. Wahenga walisema sumu haionjwi.

Sasa nirudi kwa yule mama wa Temeke. Mwaka 2009, wakati wa masika, mwanangu wa kiume alikuwa na umri wa miaka minne. Usiku mmoja akashikwa na homa. Mume wangu alikuwa safarini, mvua inanyesha, na mimi nikafanya kama alivyofanya bibi: mchaichai, tangawizi kidogo, blanketi. Mtoto akatoka jasho, homa ikashuka, asubuhi akaomba chapati. Nikafurahi, nikaenda kazini. Usiku uliofuata homa ikarudi, nami nikairudia chai. Ikashuka tena. Siku ya tatu alfajiri nilimkuta hawezi kuinua kichwa na viganja vyake vimekuwa vyeupe. Hospitalini walimpima wakakuta malaria, na damu imepungua mno hata ikabidi aongezewe. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Mama, homa ilianza lini?" Nilijibu huku nikitazama chini.

Nilichokuja kuelezwa baadaye ndicho ninachotaka kila mzazi akijue. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vikazaliana humo, kisha vikazipasua na kutoka kwa wingi. Wakati wa kupasuka kwake ndipo homa hupanda. Baadaye mwili hupoa na mgonjwa hutoka jasho, huku vimelea vile vinazaliana kimyakimya katika chembe nyingine. Kwa malaria iliyo ya kawaida huku kwetu, mzunguko huo huchukua kama saa 48, ingawa homa yenyewe inaweza kupanda na kushuka mara nyingi bila kufuata saa. Yamkini homa ya mwanangu ingeshuka hata kama ningempa maji matupu. Chai ilipewa sifa ya kazi ambayo haikuifanya, na sifa hiyo ikaniibia siku mbili.

Msikilizaji anaweza kunikatiza: mbona dawa za malaria zenyewe zimetokana na mimea? Ni kweli kabisa. Kwinini ilitoka katika magamba ya mti wa mkwinini. Huko Amani, milimani juu ya Muheza yetu, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 wakaipanda miti hiyo, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitengeneza kwinini papo hapo. Dawa mseto tunayopewa leo nayo asili yake ni artemisia, mmea uliotumika China tangu kale. Mwanasayansi Tu Youyou wa huko, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipata fununu katika kitabu cha tiba cha karne ya nne, kilichoelekeza kuyaloweka majani na kuyakamua. Hakikutaja kuyachemsha. Akashuku kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa katika majaribio ya awali, akatumia njia isiyohitaji joto kali, akafaulu.

Basi tuchemshe artemisia majumbani? La hasha. Dawa iliyomo katika jani hutofautiana mmea kwa mmea na shamba kwa shamba, tena haiyeyuki vizuri katika maji. Hivyo hakuna ajuaye kikombe chake kimebeba kiasi gani. Kikiwa pungufu, mgonjwa hupata nafuu ya muda, ugonjwa ukarudi, na vimelea vilivyobaki vinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa yenyewe tunayoitegemea. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono chai ya artemisia kwa kutibu wala kukinga malaria. Tofauti ya kikombe na kidonge ni kipimo.

Sisemi tuing'oe michaichai yetu. Mimi mwenyewe ninayo, na jioni ya leo nitainywa. Chai hizi hutuliza tumbo, hulainisha koo, humnywesha mgonjwa maji anayoyahitaji, na bei yake ni ndogo kuliko soda. Ninachoomba ni kwamba mtoto akishikwa na homa, apimwe siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi iwapo imemshika usiku. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka tone la damu ya kidole, na majibu hutoka katika robo saa hadi dakika 20. Akiwa na degedege, akitapika kila kitu, au akilegea asiweze kuketi, usingoje hata maji yachemke. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwanangu yule alipona, na leo ni kijana mrefu kunishinda. Akisikia mafua hujitengenezea mchaichai mwenyewe, na hufunika sufuria kama alivyofunika bibi. Lakini akipata homa, hukutana nami mlangoni nikiwa nimekwisha vaa viatu.

Hadi juma lijalo, kwa herini.