Upungufu wa G6PD: je, mtoto wa kike yuko salama?

Mama akiambiwa kwamba mwanawe wa kiume ana upungufu wa G6PD, swali lake la pili huwa hili: na dada yake je? Mtaani wengi huamini kuwa hili ni tatizo la wavulana tu. Si kweli kabisa.

G6PD ni kimeng'enya kinachosaidia seli nyekundu za damu zisipasuke. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, aliyoipata kwa mama. Ikiwa na kasoro, hana ya akiba. Msichana anazo mbili.

Ila mwili wa msichana hauziachi zote mbili zifanye kazi katika seli moja. Mwanzoni mwa mimba, kila seli ya mtoto huzima X moja. Kinachoizima ni RNA iitwayo XIST. RNA nyingi tunazozisikia hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Hii haitengenezi protini yoyote. Hutoka kwenye X ileile inayozimwa, huifunika kama wavu wa dagaa, kisha huvuta protini zinazoifunga. Seli zote zitakazotokana na seli hiyo zitaendelea kuilaza X hiyohiyo.

Ipi izimwe, ya mama au ya baba, ni bahati nasibu. Kwa hiyo damu ya msichana aliyerithi kasoro upande mmoja ni kama makande: seli imara na dhaifu zimechanganyika. Ernest Beutler na wenzake walilionyesha hilo Marekani mwaka 1962. Zikizidi dhaifu, binti anaweza kuugua kama kaka yake, na kipimo cha haraka kinaweza kumpitisha kuwa mzima.

Upungufu huu umeenea zaidi palipo na malaria ya miaka mingi, kama huku kwetu Musoma, Bunda na Butiama. Mweleze mhudumu historia ya familia kabla mtoto, wa kike au wa kiume, hajapewa primakwini au dapsoni. Nguo za kichanga usizihifadhi na naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza wadudu kabatini.

Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au viganja vikipauka, mpeleke kituoni siku hiyohiyo, na beba dawa zote alizomeza.