Kupiga Chapa Bila Kuumiza Watu Wala Ardhi



Hakuna tawi la chama lisilonunua kazi ya wapiga chapa. Kadi za uanachama, vitabu vya stakabadhi, matangazo ya mikutano, fulana na mabango ya Mei Mosi, vyote hupigwa chapa na wafanyakazi wenzetu. Lakini tunapokwenda kuagiza, wengi wetu huuliza swali moja tu: bei gani? Makala hii yaeleza kwa nini swali hilo peke yake halitoshi. Gharama isiyoandikwa katika ankara haikupotea. Yuko mtu anayeilipa. Mara nyingi ni kijana anayeosha vyombo vya wino, na jirani anayeteka maji karibu na karakana.

Mwaka juzi nilitumwa na tawi kwenda kuagiza fulana za Mei Mosi mjini Lilongwe. Nilizunguka karakana nne, nikachagua ile ya bei ya chini kuliko zote, nikarudi nikijisifu. Siku ya kuzichukua nilimkuta kijana mmoja chumba cha nyuma, mikono mitupu, akifuta fremu kwa tambara lililolowa petroli. Dirisha lilikuwa limezibwa ili vumbi lisiingie. Aliniambia kwamba kila jioni kichwa humuuma, na akifika nyumbani hana hamu ya chakula. Petroli iliyobaki aliimwaga mferejini mbele ya macho yangu. Na juu ya fulana zetu palikuwa pameandikwa: "Usalama kazini ni haki ya kila mfanyakazi." Sikuwa na la kusema. Wazee walikwisha sema kwamba rahisi huvunja upishi.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Fulana na mabango ya kitambaa hupigwa chapa kwa skrini. Skrini ni fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo sana. Mpiga chapa hupaka dawa inayogeuka ngumu ikipigwa na mwanga. Juu yake huweka karatasi angavu yenye maandishi meusi, kisha huitoa kwenye mwanga. Palipozibwa na maandishi dawa hubaki laini, nayo huoshwa kwa maji. Hapo matundu hufunguka kwa umbo la maandishi. Fremu hulazwa juu ya fulana, wino huburuzwa kwa ubao wenye mpira, na maandishi hushuka kwenye nguo.

Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa. Hata jua lenyewe hufanya kazi ya taa: dakika chache tu zatosha, kutegemea dawa na ukali wa jua. Ndiyo maana karakana yaweza kuanzishwa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara.

Hatari iko wapi? Kwanza ni wino. Upo wino wa plastiki na upo wino wa maji. Wino wa plastiki haukauki kwa hewa. Hapana budi upashwe moto wa kiasi cha nyuzi 160. Kuusafisha kwenye fremu kunahitaji mafuta au dawa kali, ndipo petroli na thina zinapoingia. Fulana hiyo ikichakaa na kuchomwa jalalani, plastiki yake hutoa moshi wa sumu. Wino wa maji huoshwa kwa maji na sabuni. Nao una shida yake: wakati wa joto, Septemba hadi Novemba, hukauka upesi ndani ya matundu na kuharibu fremu. Dawa ya shida hiyo ni kuanza kazi alfajiri na kulowesha fremu kidogo kidogo. Wino huu pia huhitaji moto ili usitoke nguo inapofuliwa. Anayetumia pasi ya mkaa asijidai kwamba hajagusa msitu.

Pili ni ile dawa ya fremu. Za zamani zilichanganywa na bikromati, unga wa rangi ya machungwa unaochoma ngozi na unaoweza kuleta saratani. Siku hizi ziko dawa zisizo na bikromati. Mwenye karakana aulizwe anatumia ipi.

FUNZO LA OSAKA

Wengine watasema kuwa harufu ya thina ni jambo dogo, mtu huzoea. Wasikilize habari ya Japani. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa mjini Osaka, vijana walikuwa wanaugua saratani ya mirija ya nyongo, ugonjwa ambao kwa kawaida huwapata wazee. Walikuwa wakifanya kazi katika chumba cha chini ya ardhi chenye hewa haba, wakifuta wino kwenye mashine mara mamia kwa siku kwa dawa yenye kemikali iitwayo dikloropropani. Wagonjwa walifikia 17, na kadhaa kati yao walikufa. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kemikali hiyo katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Tuangalie jambo moja hapo. Japani ni nchi tajiri, yenye sheria na wakaguzi, na bado wafanyakazi wale walivuta sumu miaka mingi. Hawakuambiwa kilichomo ndani ya kopo. Basi swali la kwanza la mfanyakazi wa karakana liwe: ndani ya kopo hili mna nini? Hapa Malawi, Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997 humtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi wake. Kuuliza si utovu wa adabu.

DZALEKA NA SOKO LA LILONGWE

Sasa tuje Dzaleka, ambako kazi ya namna hii yaweza kuwafaa watu wengi, na pia yaweza kuwaumiza upesi. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Wakati wa Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili chetu husikika huko kila siku sokoni.

Wakazi wa Dzaleka wana ufundi. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na malenga wa Kikongo Trésor Nzengu Mpauni, limevuta maelfu ya watu kuja kambini kusikiliza muziki na kununua bidhaa. Shirika la There is Hope, lililoanzishwa na Innocent Magambi, ambaye mwenyewe alikulia ukimbizini, lilizaa kazi ya mikono iitwayo Kibébé, ambamo wakimbizi pamoja na Wamalawi wa jirani wamekuwa wakishona vitu vya chitenje. Hapo waonekana ukweli wa methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkono unaoweza kushona waweza pia kupiga chapa.

Lakini wateja wakubwa wako Lilongwe: maofisi, makanisa, shule, vyama, viwanda vya tumbaku vya Kanengo. Na hapo pana kizuizi. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa, pamoja na kile cha kazi ya mshahara na kile cha uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo wengi walikamatwa na kupelekwa kambini, wakiacha maduka na mali zao.

Ndugu, jambo hili latuhusu sisi wenye vitambulisho pia. Mfanyakazi asiye na kibali hawezi kumshitaki mwajiri, na mwajiri analijua hilo. Humpa nusu ya ujira na kumkabidhi kopo la thina bila glavu. Kesho mwajiri huyo humwambia Mmalawi: yuko mwenzako anayekubali nusu. Hivyo ujira wa wote hushuka. Adui wa ujira wetu si mkimbizi, bali ni ile hali ya kumfanya mtu afanye kazi bila haki. Chama kikidai malipo sawa kwa kazi sawa, kimewatetea wote wawili.

Tena kuna suala la maji. Kambini watu hupanga foleni kwenye pampu za visima. Karakana ikimwaga maji ya wino na thina ardhini, yaelekea kwenye kisima kile kile. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni huu. Wino uliobaki urudishwe koponi kwa kipande cha plastiki ngumu. Fremu ifutwe kwanza kwa tambara ndipo ioshwe. Maji ya kuoshea yawekwe katika pipa, yatulie siku moja au mbili. Yaliyo meupe juu yatumike tena kwa suuzo la kwanza, na tope la chini likaushwe, lifungwe ndani ya kopo, lipelekwe jalala la mji. Lisitupwe shimoni karibu na kisima. Matambara yenye thina yasiwekwe karibu na moto.

HESABU YA KARATASI

Karatasi na wino hutoka nchi za nje, navyo hulipiwa kwa dola. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilipopunguza thamani ya kwacha, dola moja iliyokuwa kiasi cha kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700. Mpiga chapa anayetupa karatasi siku hizi anatupa dola.

Tuchukue mfano. Tawi linataka stakabadhi 20,000. Katibu amechora stakabadhi ya sentimita 15 kwa 22. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, kwa hiyo kila karatasi itatoa stakabadhi moja tu, na kipande kilichobaki ni taka. Zitahitajika karatasi 20,000, yaani rimu 40. Katibu akipunguza vipimo kidogo tu, ikawa nusu kamili ya A4, kila karatasi itatoa mbili, na rimu 20 zitatosha. Rimu moja ya karatasi ya kawaida ina uzito wa kilo 2.5. Kwa kupunguza upana wa kucha moja tumeokoa kilo 50 za karatasi, wala hakuna mfanyakazi aliyepunguziwa ujira.

Hali kadhalika mabango. Bango la plastiki huvaliwa siku moja, kisha hutupwa. Bango la kitambaa cha marekani hufuliwa na kukunjwa. Kosa letu ni kuandika mwaka katikati yake. Mwaka uandikwe kwenye kipande kidogo cha pembeni kinachoshonwa na kufumuliwa, na bango moja litaandamana nasi miaka mingi.

JE, BEI HAITAPANDA?

Itapanda, lakini kidogo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, fulana 200 zinauzwa kwacha 12,000 kila moja. Glavu, sabuni, pipa na kazi ya kutunza taka kwa oda hiyo vinagharimu kwacha 40,000. Gawanya kwa fulana 200: ni kwacha 200 kwa kila fulana, yaani haifiki kwacha 2 katika kila 100. Tawi linaloshindwa kulipa hiyo likumbuke yule kijana na petroli yake.

Mwenye karakana naye ajue kwamba neno "rafiki wa mazingira" likiandikwa ukutani si ushahidi. Ushahidi ni pipa la maji, dirisha lililo wazi, na daftari la mishahara.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Katibu wa tawi aende karakana mwenyewe, aingie mpaka chumba cha nyuma, na aulize:

1. Wino ni wa maji au wa plastiki, na fremu husafishwa kwa kitu gani?
2. Maji ya kuoshea huenda wapi?
3. Chumba kina hewa ya kutosha, na wafanyakazi wamepewa glavu?
4. Je, vipimo vya kazi yetu vinatoshea karatasi bila kuacha taka?
5. Kila mfanyakazi, mwenyeji na mgeni, analipwa sawa kwa kazi sawa?

Asiyejibu asipewe kazi yetu. Anayejibu vizuri alipwe upesi, kwani karakana ndogo haiwezi kungojea fedha miezi mitatu. Akikosa fedha ya sabuni atarudia petroli.

Mimi nilirudi kwa yule mwenye karakana. Nilimwambia tutampa tena oda ya Mei Mosi akifungua dirisha, akinunua glavu, na akiacha petroli. Alikasirika kwanza, kisha akauliza oda ni ya fulana ngapi. Dirisha sasa limefunguliwa na glavu zipo. Petroli bado tunabishana.

Umoja ni nguvu.