CHOMBO CHA USAFIRI HUZALIWA NA SHIDA YA MAHALI

Shirika la Ndege Tanzania lilipopokea ndege zake mbili za aina ya Q400 mwaka 2016, wananchi walizipa jina la Bombadia. Jina hilo likaenea hadi Mbeya, ambako ndege hizo zilianza kutua katika uwanja wa Songwe. Tumekuwa tukiwauliza wanafunzi wetu wa elimu ya siasa: Bombadia ni nini? Wengi hujibu kuwa ni ndege. Jibu hilo halitoshi. Bombardier lilikuwa jina la fundi wa gereji aliyekufa mwaka 1964 bila kutengeneza ndege hata moja. Alichotengeneza ni gari la kupita juu ya theluji. Kisa chake kinafaa kuchambuliwa na kila kada, kwa sababu kinatusaidia kujibu swali zito: viwanda vya vyombo vya usafiri huanzia wapi?

Chanzo cha gari la theluji

Joseph-Armand Bombardier alizaliwa mwaka 1907 huko Valcourt, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Wakati wa baridi theluji ilifunga barabara za vijijini. Magari yaliwekwa ndani mpaka msimu upite, na watu wakarudia sleji za kukokotwa na farasi. Mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 15, Bombardier alifunga injini ya gari kuukuu juu ya sleji, akaisukuma kwa pangaboi. Baadaye alifungua gereji yake na kuendelea na majaribio. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto wake mdogo aliugua tumbo, barabara zilikuwa zimefungwa, na chombo alichokuwa akikiunda hakikuwa tayari kumfikisha hospitali. Mtoto akafa.

Shida yenyewe ni rahisi kueleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kukwama katika tope la Usangu wakati wa masika. Gurudumu jembamba hukandamiza uzito wote mahali padogo, nalo huzama. Dawa yake ni kuutandaza uzito. Bombardier aliweka mbele mbao mbili za kuteleza na kuongozea, na nyuma akaweka mkanda mpana wa mpira uliozungushwa na gurudumu la meno. Meno hayo aliyavika mpira. Mwaka 1937 alipata hataza ya uvumbuzi huo. Wanunuzi wa kwanza walikuwa madaktari, mapadri na wafanyabiashara, yaani watu ambao kazi yao haikungoja theluji iyeyuke. Mwaka 1942 karakana ikawa kampuni.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Quebec iliamua kusafisha barabara za vijijini wakati wa baridi. Soko likaporomoka. Shida ilipoondoka, na chombo kikapoteza kazi. Fundi yule akageukia magari ya kupita katika vinamasi na misitu, na mwaka 1959 akatoa gari dogo la theluji liitwalo Ski-Doo.

Baada ya kifo chake, mtaji ulifuata njia yake. Mwaka 1974 kampuni ilipata kazi ya kutengeneza mabehewa ya reli ya chini ya ardhi ya Montreal. Mwaka 1986 ikanunua kiwanda cha ndege. Kisha ikaanza kuuza: magari ya theluji mwaka 2003, ndege za Q400 mwaka 2019, mabehewa mwaka 2021. Jina tulilozoea kulitaja Songwe sasa si la mwenye kutengeneza ndege ile. Mtaji hauna kijijini kwao. Ujuzi wa fundi ndio ulioanzia kijijini, na hilo ndilo la kuzingatia.

Mzigo uko wapi?

Tukiyatazama maeneo yetu, mtu ataona Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na barabara kuu ya lami, zote zikipita Makambako na Mbeya. Atasema usafiri upo. Lakini mzigo hauanzii barabarani. Unaanzia shambani, kisimani na msituni.

Katika miaka ya 1980 mradi wa usafiri vijijini uliendeshwa Makete, wilaya iliyokuwa wakati huo Mkoa wa Iringa na ambayo tangu 2012 imo Mkoa wa Njombe. Mradi huo, uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, ulichunguza wanakijiji wanasafirisha nini na kwa njia gani. Ilionekana kuwa sehemu kubwa ya mizigo haigusi lori wala barabara: ni maji, kuni, mavuno na nafaka ya kusaga, na hupita njia za miguu juu ya vichwa vya akina mama. Ndiyo maana mradi ulitengeneza njia za miguu na kuhimiza matumizi ya punda. Katika miteremko ya Ukinga, punda hupita mahali ambapo gurudumu linashindwa.

Kwenye tambarare hali ni nyingine. Huko wakulima wenye maksai walijitengenezea chombo chao siku nyingi: panda ya mti iliyofungwa kwenye nira na kuburuzwa ardhini na mzigo juu yake. Ndugu msomaji, hiyo ni sleji! Kasoro yake ni kwamba ardhi si theluji. Gogo hukwaruza, huwachosha ng'ombe, na njia yake huwa mfereji wa maji, kisha korongo. Hatua inayofuata ni gurudumu. Mradi wa maksai ulioanzishwa Mbeya mwaka 1987 kwa msaada wa Kanada ulishika njia hiyo, na kiwanda cha Zana za Kilimo Mbeya kilitengeneza majembe na plau.

Kuunganisha na kutengeneza

Hapa lazima tutofautishe mambo mawili. Kuunganisha ni kufunga vipande vilivyotengenezwa kwingine, kama malori ya Scania yalivyofungwa Kibaha. Kutengeneza ni kuwa na uwezo wa kutoa kipande kipya pale cha zamani kinapovunjika. Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa mwaka 1985, lilikusudiwa kufikia hatua hiyo ya pili.

Uwezo huo si mgeni Nyanda za Juu Kusini. Wakinga waliyeyusha chuma na kufua majembe kabla ya bidhaa za kiwandani kutoka ng'ambo kuwapokonya soko. Chuma cha Liganga, Ludewa, kimejulikana tangu ukoloni.

Na sisi wakufunzi tujikosoe. Tuliwahi kupeleka wanafunzi katika kijiji kimoja kufundisha kujitegemea. Karibu na ofisi ya kijiji lilikuwapo gari la ng'ombe lililotolewa kama msaada. Beringi zilikuwa zimekwisha, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Tulipokuwa tukihutubia, akina mama walilipita wakiwa na magunia ya mahindi vichwani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama fundi seremala wa pale angeweza kuchonga beringi za mti mgumu uliochemshwa katika mafuta, jambo ambalo mafundi wa vijijini wamelifanya mahali pengi. Tulizungumza juu ya nyenzo za uzalishaji huku tumezipa mgongo.

Siasa ni Kilimo, iliyotangazwa Iringa mwaka 1972, ilitaka kiongozi ajue kazi ya mkulima. Kuijua kazi hiyo ni pamoja na kuujua mzigo: uzito wake, njia yake, na kichwa kinachoubeba.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji chako, nani hubeba nini, umbali gani, na mara ngapi kwa juma?

2. Chombo gani kilicholetwa kijijini kimelala kwa kukosa kipande kimoja? Nani wa karibu angeweza kukitengeneza kipande hicho?

3. Kwa nini sleji ilikuwa mwanzo wa kiwanda Quebec, na ikabaki sleji Usangu?