Siga ya Kuba, ya Nikaragua au ya Kameruni: Ladha inatoka wapi?

Umeziona picha hizo mtandaoni. Barobaro kaketi kwenye kiti cha ngozi, miwani myeusi saa nne usiku, siga nene ya kahawia mkononi, na chini ya picha ameandika: "Ya Kuba hii, si mchezo." Sasa muulize hiyo ya Kuba ina ladha gani ambayo ya Jamhuri ya Dominika haina, uone atakavyobadilisha mada.

Usiwe kama yeye. Ukitaka kuizungumzia siga, izungumzie kwa kujua. Na kujua hakukulazimu uiwashe. Kama hujatimiza miaka 18, sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu hata uuziwe.

Kwanza elewa imeundwaje. Sigara ya kawaida ni tumbaku iliyokatwakatwa ikafungwa kwa karatasi. Siga iliyosokotwa kwa mkono ni majani matupu, mwanzo hadi mwisho. Kuna majani ya ndani yaliyokunjwa kwa urefu wake, kuna jani moja au mawili ya kuyafunga yasitawanyike, halafu kuna jani la nje, lile laini linalong'aa. Majani hayo yanaweza kutoka nchi tatu tofauti! Kwa hivyo anayekwambia siga yake ni ya Honduras huenda anakutajia tu mahali iliposokotwa. Kuba ndiyo tofauti, maanake siga zake maarufu za kuuzwa nje hutumia tumbaku ya kisiwa hicho pekee.

Tumbaku ya Kuba inayosifiwa zaidi hutoka Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa. Udongo wa huko ni mwekundu wenye mchangamchanga, na maji hayatuami. Wavutaji husema siga yake ina harufu ya mti wa mwerezi, kahawa na kitu kama asali kwa mbali. Hakuna aliyetia kahawa wala asali humo, elewa. Ni majina tu ambayo ulimi hukopa ili kueleza moshi.

Lakini sifa za Kuba hazikujengwa na udongo peke yake. Siasa pia ilichangia. Fidel Castro alitwaa madaraka mwaka 1959, na mwaka uliofuata serikali yake ikachukua viwanda na mashamba ya tumbaku. Februari 1962, Rais John F. Kennedy akapiga marufuku biashara na Kuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba kabla ya kutia saini, rais alimtuma amtafutie siga 1,000 za Kuba. Akarudi na 1,200. Ndipo kalamu ikashikwa.

Unajua vile kitu kikikatazwa hugeuka kuwa kitamu zaidi. Kwa miongo mingi, Mmarekani aliyevuta siga ya Kuba alikuwa anavuta marufuku yenyewe, na hiyo ni ladha ambayo mkulima hawezi kuipanda.

Wakulima na wenye viwanda waliokimbia mapinduzi walienda na ujuzi wao, na mbegu za Kuba zikaota nchi jirani. Mbegu ya tumbaku ni ndogo ajabu, gramu moja ina zaidi ya 10,000. Zilipandwa Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nikaragua. Je, ladha ikawa ile ile? La. Chukua mche wa embe ngowe wa Lamu uupande Murang'a, halafu uniambie kama ni embe lile lile.

Katika Jamhuri ya Dominika, tumbaku nyingi hutoka bonde la Cibao, karibu na mji wa Santiago. Siga za huko zilijulikana kwa upole. Hazichomi koo wala hazimlevyi mgeni, ingawa siku hizi wapo wanaotengeneza kali.

Mimi naona Nikaragua ndiyo yenye somo zuri kuliko zote, maana nchi moja ina ladha kadhaa. Estelí ina udongo mweusi mzito wa volkano, na tumbaku yake ni kali, inawasha puani kama pilipili manga. Sogea kaskazini hadi bonde la Jalapa, karibu na mpaka wa Honduras. Huko udongo ni mwekundu zaidi na jani linakuwa tamu, lenye harufu nzuri, halina fujo. Kisha kuna Ometepe, kisiwa chenye volkano mbili katikati ya Ziwa Nikaragua, ambako jani huja na ladha nzito ya kiudongo. Msokotaji hodari huchanganya mabonde hayo kama vile mama anavyochanganya viungo vya pilau.

Na hayo yote yalinusurika vita. Estelí ilishambuliwa kwa mabomu wakati wa mapinduzi ya 1978 na 1979. Marekani ikaiwekea Nikaragua vikwazo vya biashara mwaka 1985, vikaondolewa 1990. Siga nyingi za nchi hiyo zinazosifiwa leo zilianza kutamba baada ya hapo.

Turudi kwenye jani la nje. Ni jembamba, lakini wajuzi wengi wanashikilia kwamba lina usemi mkubwa katika ladha, na kwa uzito ndilo ghali zaidi. Katika bonde la mto Connecticut, Marekani, hukuzwa chini ya mahema ya kitambaa ili jua lisilikaushe. Linatoka la rangi ya maziwa ya chai, laini, lenye ladha kama ya malai. Kiangazi cha 1944, kijana wa miaka 15 kutoka Atlanta alikuwa miongoni mwa wanafunzi Weusi walioenda Simsbury, Connecticut, kufanya kibarua katika mashamba hayo wapate karo. Jina lake Martin Luther King Jr. Huko ndiko alikoonja kuketi kwenye mkahawa wowote na kuhudumiwa kama watu wengine.

Meksiko ina jani la San Andrés, jeusi, linalokumbusha kakao chungu. Brazili ina Mata Fina ya Bahia, tamu.

Afrika nayo? Ipo! Mashariki mwa Kameruni, upande wa Batouri, hukuzwa jani la nje linalotafutwa sana duniani. Mbegu yake ilitoka Sumatra, Indonesia, ikaletwa enzi za Wafaransa. Huku halihitaji hema, kwa kuwa mawingu yanalikinga. Ukilipapasa lina vipele vidogo vidogo, linachanika upesi, na moshi wake una utamu wa viungo. Anayejigamba kwa siga ya bei ghali iliyosokotwa Amerika huenda amelishikilia jasho la mkulima wa Kiafrika bila kujua.

Utauliza, mbona Migori haimo? Tumbaku inakuzwa huko, hasa Kuria, lakini ni ya sigara. Hukaushwa kwa joto la kuni ndani ya banda, siku chache tu, na sukari hubaki ndani ya jani. Jani la siga huning'inizwa kwenye hewa kwa wiki kadhaa, sukari ikaisha polepole. Kisha hurundikwa likachacha, rundo likapata joto lenyewe, likapinduliwa, likarundikwa tena, kwa miezi na wakati mwingine miaka. Hapo ndipo ukali wa amonia hutoka na ladha hujitokeza. Ukiruka hatua hiyo, hata jani la Vuelta Abajo litakuwasha koo tu.

Tofauti hiyo ya kukausha ndiyo pia inayoleta uongo ninaosikia kila mara: "Siga haina shida, moshi hauumezi." Sikiza. Moshi wa tumbaku iliyokaushwa kwa moto una asidi kidogo, kwa hivyo mvutaji lazima auvute hadi mapafuni ndipo nikotini imfikie. Moshi wa siga hauna asidi hiyo, ni wa upande wa alkali, na nikotini yake hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo. Huhitaji kuumeza ili ikunase. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Saratani ya mdomo, ya koo na ya umio zote zimehusishwa nayo. Halafu kuna kejeli hii: uvutaji hupunguza uwezo wa ulimi na pua kutambua ladha, ile ile inayofukuzwa kwa pesa nyingi.

Na usisahau pesa. Siga bandia za Kuba zimejaa duniani, na mitaani Havana kwenyewe watalii huuziwa kila siku majani ya hovyo yaliyovishwa pete ya kampuni yenye jina. Ukiona sanduku la "Kuba" lenye kifuniko cha kioo, jua hapo hakuna Kuba. Yule barobaro wa kiti cha ngozi mwambie akachunguze lake.