Salsa: Ukianza kujua ndipo aibu inazidi. Hivi ndivyo mchezaji anavyojenga kujiamini darasani

Wiki za kwanza za darasa la salsa huwa nyepesi. Kila mtu anakosea, watu wanacheka, mwalimu anarudia, maisha yanaendelea.

Kasheshe huanza miezi michache baadaye. Mchezaji ameshashika stepu za msingi, anageuka bila kuanguka, na majina ya mitindo kadhaa anayajua. Lakini ghafla anajiona mzito kuliko siku ya kwanza. Akibugi kidogo, anahisi ukumbi mzima umemwona. Wengi huacha darasa hapo, wakiamini kwamba hawana kipaji.

Ukweli ni kwamba jicho lake limekua kabla ya mguu. Mwanzoni alikuwa anakosea bila kujua. Sasa anaona kila kosa, ila mwili bado haujapata mazoezi ya kutosha kulirekebisha. Aibu hiyo ni dalili kwamba ameanza kuelewa, na dawa yake inajulikana.

Sikio la mtu wa Mara halianzi sifuri

Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kudhani salsa ni kitu kigeni kabisa kwake. Sivyo.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Alisikitika kwamba wengi walikuwa wanajua kucheza rumba, chachacha na twist, lakini hawajui ngoma za kwao kama Gombe Sugu, Mangala na Lele Mama. Katika hotuba hiyo alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana.

Hoja yake ilikuwa kutetea ngoma za asili. Lakini maneno yake yanaonyesha pia jambo jingine: kufikia wakati huo, miziki yenye asili ya Cuba ilikuwa imeshazoeleka miguuni mwa Watanganyika. Morogoro kulikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba, ya Salum Abdallah.

Salsa ni ndugu wa miziki hiyo. Mizizi yake iko Cuba, ambako midundo ya Waafrika waliopelekwa utumwani ilichanganyika na gitaa na nyimbo za Wahispania. Jina la salsa lilivuma New York miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1974 Celia Cruz na Fania All Stars walikuja kupiga muziki huo Kinshasa, mji ambao ulikuwa tayari na rumba yake iliyotokana na santuri za Cuba.

Kwa hiyo aliyekulia kwenye nyumba ambako redio ilipiga rumba ya Kongo au muziki wa dansi, sikio lake limeshafanya sehemu ya kazi. Kilichobaki ni kuufundisha mguu.

Hesabu kwanza, mbwembwe baadaye

Salsa huhesabiwa hadi 8. Miguu hukanyaga kwenye 1, 2, 3, halafu 5, 6, 7. Kwenye 4 na 8 hakuna stepu mpya. Katika mtindo unaofundishwa sana kwa wanaoanza, anayeongoza hupeleka mguu wa kushoto mbele kwenye 1, na anayefuata hurudisha wa kulia nyuma.

Mchezaji wa kiwango cha kati hupotelea hapo. Anakimbilia mizunguko mipya aliyoiona kwenye simu, huku zile nafasi za 4 na 8 anazila. Matokeo yake anautangulia muziki, mwenzake anavutwa, na wote wawili wanakosa raha.

Dawa ni dakika 10 kila siku nyumbani, stepu ya msingi tu, bila mwenza. Aanze na wimbo wa polepole, maana salsa nyingi huenda kati ya mapigo 150 na 250 kwa dakika, na ile ya kasi inamtia hofu hata mzoefu. Siku nyingine asicheze kabisa, apige makofi tu akifuata klave, mdundo wa mapigo matano (matatu kisha mawili, au kinyume chake) unaobeba muziki wote. Sikio likituliza mdundo, mguu haubabaiki.

Mitindo mitatu inatosha

Kujiamini hakuji kwa kujua mitindo 30 nusunusu. Mchezaji achague mitatu anayoiweza hata akiwa amechoka, aicheze na kila mtu darasani. Mtindo wa nne usubiri hadi ile mitatu itoke bila kufikiri.

Ajirekodi kwa simu mara moja kwa mwezi, siyo kila siku. Akijitazama kila siku ataona makosa tu. Akilinganisha video ya leo na ya mwezi uliopita, ataona alikotoka.

Kubadilishana wenza ni shule

Kwenye madarasa mengi, mwalimu husema "badilisheni" kila baada ya dakika chache. Mwenye aibu huichukia sana sehemu hiyo, na ndiyo inayomsaidia zaidi. Mwenza mmoja humzoea mtu hadi kumfichia makosa. Wenza watano humwonyesha kama kweli anaongoza au anafuata, au amekariri tu.

Wacuba wana mchezo wa duara uitwao rueda de casino, ulioanzia Havana miaka ya 1950. Mmoja anataja mtindo, wote wanaufanya pamoja, kisha wanabadilishana wenza. Hapo hakuna wa kutazamwa peke yake, na akikosea mmoja, mduara unaendelea naye.

Adabu zake ni chache. Ukimkanyaga mtu, sema samahani mara moja, endelea. Usimsahihishe mwenzako katikati ya wimbo, hiyo ni kazi ya mwalimu. Shika mkono bila kuubana. Na mtu akisema hapana, mwanamke kwa mwanamume, basi. Hakuna anayejiamini kwenye ukumbi ambao hajisikii salama.

Kama darasa liko mbali

Kwa anayeishi mahali ambako darasa la kila wiki ni safari, kikundi cha watu wanne kinatosha: sebule au uwanja wenye sakafu ngumu, spika ndogo, na video za mwalimu mmoja. Mmoja tu, kwa sababu kila mwalimu ana hesabu na majina yake, na kuchanganya watano ni kujitafutia vurugu.

Utaratibu unaweza kuazimwa kwenye ngoma za nyumbani. Mtoto hujifunzia pembeni mwa wachezaji, akiwafuata wakubwa, hadi siku anapoingia katikati mwenyewe. Kikundi kifanye hivyohivyo: anayejua asimame mbele, wengine wafuate nyuma, na asilazimishwe mtu kucheza peke yake kabla hajawa tayari.

Kipimo cha kweli

Anayetaka kujua kama anaendelea asihesabu mitindo. Ahesabu muda anaotumia kurudi kwenye mdundo baada ya kukosea. Mwezi wa kwanza huenda wimbo mzima ulimpotea. Akifika mahali anabugi, anarudi kwenye stepu ya msingi, anaisubiri 1 na kuendelea huku mwenzake hajagundua, huyo ameshavuka.

Hata wakongwe hukosea. Wamejifunza tu kutosimama.